“Albamu Hiyo Siijui”: Kisa cha Vikao Vitano vya Wanamuziki Nairobi

Majina ya wahusika nimeyaondoa, ukumbi nimeuficha, na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi nilikuwa kwenye mashine ya sauti, nyuma kabisa ya ukumbi. Niliona karibu yote, ila yapo ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeinama kwenye waya.

Usuli

Wazo lilizaliwa matangani. Mwanamuziki mkongwe alikuwa amefariki, na wenzake walipangiwa kusimulia walivyomjua, kila mmoja dakika mbili. Wa tatu hakumaliza. Mwanasiasa alifika, akapewa maiki, na hiyo maiki haikurudi. Mpiga besi mmoja wa miaka arobaini na kitu, ambaye hapa nitamwita Mratibu, alirudi mjini akisema hawa watu tuwaulize wangali hai.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Vikao vifanyike Jumatatu ya mwisho wa mwezi, maana Jumatatu ndiyo Jumapili ya wanamuziki. Ukumbi ni chumba cha ghorofani upande wa Ngara, viti 60, kiingilio shilingi 300. Kila kikao wanamuziki watano, vijana kwa wazee, robo saa kila mmoja, na maswali mawili tu: albamu gani unaipenda kuliko zote, na onyesho gani hujalisahau mpaka leo. Pesa za mlangoni zilipe ukumbi, zitakazobaki ziende kwenye mfuko wa matibabu.

Wahusika wa kisa hiki ni hawa. Mzee: mpiga gita la solo aliyevuka miaka 70, aliyerekodi katika studio za mjini tangu ujana wake. Mzee wa Tumba, rika lake, na mshindani wake wa maneno. Mwimbaji: mama wa miaka hamsini hivi, riziki yake ni kuimba hotelini na kwenye maonyesho ya wikendi. Kijana wa Kinanda. Na Rapa, mtoto wa Eastlands.

Kikao cha kwanza

Vijana walitangulia na walifanya vizuri. Rapa alileta *Kilio cha Haki* ya Ukoo Flani Mau Mau, ya mwaka 2004, akaieleza kama mtu anayesoma barua iliyoandikiwa familia yake. Kijana wa Kinanda alishika CD mkononi: *Virunga Volcano* ya Samba Mapangala na Orchestra Virunga, iliyotolewa 1990 na kampuni ya Earthworks ya London. Alikuwa ameichimba. Alituonyesha saksafoni zinaingilia wapi, gita linaacha wapi nafasi. Akapigiwa makofi.

Ikawa zamu ya Mzee.

“Mzee wetu, albamu yako ni ipi?”

Akaitazama maiki. “Sina.”

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mratibu, ratiba mkononi na jicho kwenye saa, akasukuma: “Hata moja tu, Mzee.” Mzee akataja *Exodus* ya Bob Marley, kwa sauti ya mtu anayemjibu karani wa ofisi. Akaongeza kwamba ni nzuri. Akakaa. Robo saa yake ilikwisha kwa dakika tatu.

Kijana wa Kinanda akataka kumsaidia. “Na hii ya Virunga, Mzee, uliisikia ilipotoka?”

“Albamu hiyo siijui.”

Ukimya ule ulinichoma hata mimi kule nyuma, nikaamua kuuziba: nikaiwasha CD. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona mkono wa kushoto wa Mzee juu ya goti lake. Vidole vilikuwa vinabonyeza nyuzi ambazo hazipo. Si kufuatisha, vilikuwa vinatangulia. Gita likija kubadilisha njia, kidole kilishafika na kinasubiri. Mzee alikuwa anaujua wimbo ule kuliko mwenye CD. Ambacho hakukijua ni albamu.

Tulipokuwa tunashuka ngazi alimwambia Mratibu, bila hasira: “Mimi nilinunua santuri ndogo, mojamoja, nikipata hela. Zile kubwa zilikuwa za watu wenye sebule.” Alishuka vidato viwili zaidi, akageuka. “Umeniuliza mbele za watu kitu ambacho sikuwa nacho.”

Swali linabadilishwa

Wiki hiyohiyo tulikutana watu watano kwenye kibanda cha chai. Mratibu alitaka kujua kosa liko wapi, na jibu lilikuwa limekaa mbele yake muda wote, kwenye historia ya biashara yenyewe.

Kuanzia miaka ya 1960 mpaka 1980 na kitu, kilichouzwa hasa Nairobi ni santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja unabeba dakika chache tu, ilhali rumba au benga ikikolea haina haraka ya kuisha. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati. Sehemu ya kwanza, yenye maneno, upande A. Sehemu ya pili, gita linapochangamka na watu wanatoka jasho, upande B. Santuri kubwa mara nyingi ilikuwa mkusanyo wa nyimbo zilizokwisha kuzoeleka. Kisha zikaja kanda, na hizo nyingi zilinakiliwa dukani au kunaswa redioni. Nyimbo za Virunga zenyewe zilirekodiwa Nairobi miaka ya 1980, na watu wa hapa wakazijua zikiwa nyimbo. Miaka baadaye London ikazifunga kifurushi kwa ajili ya masikio ya Ulaya. Kijana wa Kinanda alizipata zikiwa zimesafiri na kurudi nyumbani na jina la albamu.

Ukimuuliza mtu wa rika la Mzee albamu aipendayo, basi, unamuuliza alikuwa na sebule au hakuwa nayo. Mwimbaji naye akatoboa: yeye pia alidanganya siku ile. Albamu aliyoitaja aliiona kwa mwajiri wa dada yake, hakuwahi kuisikiliza ikaisha.

Mratibu akapendekeza maswali mapya. La kwanza: ulisikilizia kwenye chombo gani, na chombo kilikuwa cha nani? La pili: kwenye onyesho hilo, ulikuwa umesimama wapi? Rapa alipinga. “Hiyo itageuka makumbusho, buda. Watu watakuja kuangalia gramafoni.” Hoja ilikuwa na uzito, maana tiketi zilikuwa zinanunuliwa na vijana. Mratibu alishikilia lake kwa sababu moja ya wazi: swali la chombo mtu yeyote ana jibu lake, hata ambaye hakuwahi kumiliki kitu. Kikaongezwa kipengele kingine, kwamba kila msimulizi atembelewe kwake kabla ya kikao, asikutane na swali jukwaani.

Kikao cha pili: upande B

Mzee alikuja na santuri moja, imefungwa kwenye ukurasa wa Taifa Leo. Karatasi ya katikati ilikuwa imechakaa hata jina la bendi halisomeki. Gramafoni tuliazima kwa muuzaji wa santuri wa Kenyatta Market.

Alisimulia hivi. Utotoni hawakuwa na gramafoni. Jirani ndiye aliyekuwa nayo, mke wa mfanyakazi wa reli. Jioni mama yule akiwasha, yeye anakaa chini ya dirisha na gita alilojitengenezea kwa mkebe. Lakini yule mama alipenda maneno. Upande A ukiisha, anainua sindano na kuweka santuri nyingine. Hakuwa na haja ya gita. “Miaka miwili,” Mzee akasema, “nilijua kuanza nyimbo. Kumaliza sikujua.”

Siku ya kwanza bendi ilipomchukua ajazie nafasi ya mgonjwa, mambo yalikwenda vizuri mpaka maneno yalipokwisha. Yeye akarudia mwanzo, kwa kasi zaidi. Kiongozi wa bendi akamsogelea, akamwambia sikioni: “Geuza, kijana, geuza!” Mzee akasimama pale mbele yetu kutuonyesha alichofanya: aligeuka. Akawapa wachezaji mgongo, akaendelea kupiga upande A akitazama ukuta.

Ukumbi ulivunjika mbavu. Yeye hakucheka, alisubiri tumalize. Kesho yake, akaendelea, alikwenda River Road, ambako maduka ya santuri yalikuwa yakiweka spika mlangoni zielekee barabarani. Akawa anafagia mbele ya duka moja kila asubuhi, na malipo yake ni kuwekewa upande B wa wimbo autakao. Mmoja kwa siku.

Kisha akaicheza ile santuri. Upande A ukaisha, akainua sindano, akaigeuza kwa mikono inayotetemeka kidogo, akaifuta kwa shati. Ilichukua kama nusu dakika. Watu, bila kuambiwa, wakaanza kupiga makofi ya mdundo kushikilia wimbo usianguke. “Ndivyo ilivyokuwa,” akasema, na upande B ukaingia.

Rapa, aliyeogopa makumbusho, alifuata na chombo chake: matatu. Kalamashaka, kundi la rap, aliwasikia kwenye matatu ya namba 58 ya Buruburu, na mara nyingi alikuwa akipitiliza steji yake kusudi wimbo uishe, kisha anarudi kwa miguu. Nilipenda sana hiyo.

Kikao cha tatu: stima ilipopotea

Wazee wawili waligundua jukwaani kwamba wanakumbuka onyesho moja, la bendi ya Wakongo waliokuwa wameweka makao Nairobi, ndani ya ukumbi mmoja wa Eastlands. Stima ilipotea katikati ya usiku. Hapo wote wanakubaliana, na baada ya hapo hawakubaliani tena. Mzee: bendi haikukatika hata kidogo, tumba, drams na tarumbeta viliendelea gizani karibu nusu saa, na ndio muziki bora aliowahi kuusikia. Mzee wa Tumba: hapana, muziki ulikufa pale pale, watu wakakaa wakipiga mbinja, wengine wakaondoka. “Wewe ulikuwa umelewa,” akamalizia.

Wasikilizaji walianza kushabikia upande. Mratibu alikuwa na njia mbili. Angeweza kuuliza ukumbini kama kuna mwingine aliyekuwepo, ipigwe kura. Badala yake alirudi kwenye swali lake: Mzee, ulikuwa umesimama wapi?

Mzee alikuwa kando ya jukwaa, anabeba nyaya za watu ili aingie bure. Mzee wa Tumba alichelewa kujibu. Mwishowe akasema yeye hakuwa ndani. Hakuwa na pesa ya tiketi. Alikuwa ng’ambo ya ukuta wa ukumbi na vijana wengine, wanasikiliza spika.

Spika zikifa, nje hakuna kitu. Ndani, hatua tatu kutoka kwenye drams, hakuna kilichopungua ila mwanga.

Ningependa kusema walikumbatiana. Walihamia kwenye ubishi wa nani alikuwa kwenye drams usiku ule, na ubishi huo unaendelea.

Kikao cha nne: video

Hapa ndipo tulipoharibu.

Mwimbaji alisimulia mkesha wa mwaka mpya katika mji mmoja nje ya Nairobi. Promota alitoweka na pesa za mlangoni, hoteli ikazuia vyombo vya bendi mpaka bili ilipwe. Akaimba kwenye chumba cha kulia usiku tatu mfululizo, kwa wageni wanaokula, mpaka amplifaya ya besi ikaachiliwa. Katika kusimulia alimtaja promota kwa jina, na akamwigiza anavyotembea. Ilichekesha sana.

Mpwa wa Mratibu alikuwa anarekodi kwa simu. Mlangoni kulikuwa na karatasi: “Kikao kinarekodiwa.” Tulidhani imetosha. Kijana akakata kipande kisichofika dakika mbili, akakipandisha mtandaoni Jumatano. Kipande chenyewe ni kile cha jina na mwendo. Usiku tatu za kuimba hazimo. Kufikia Ijumaa kilikuwa kwenye vikundi vya WhatsApp vya watu wa muziki, na Mwimbaji alikuwa amepigiwa simu mbili za kusitisha kazi. Promota hakumpigia. Hakuhitaji.

Jambo moja bado linanikera. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na wimbo, mimi mwenyewe niliuwasha kwa sauti ya chini. Mtambo wa mtandao ukautambua na kuunyamazisha, sehemu ile ya mwanzo tu, kwa sababu ya hakimiliki. Rekodi ikalindwa ndani ya saa chache. Yeye akaachwa anasikika.

Mratibu aliiondoa video Ijumaa hiyohiyo, kwa kuchelewa. Jumapili alimchukua Mzee wakaenda kwa Mwimbaji kuomba radhi. Aliwapikia chai. Alisema, “Nilikuwa nawaambia nyinyi, sikuwa naiambia simu.” Kisha: “Nimekusamehe, lakini maiki yako sishiki tena.” Hajaishika.

Matokeo

Kikao cha tano kilifanyika bila kurekodi chochote. Mzee wa Tumba alizungumza vizuri kuliko siku zote, na kilichobaki ni kurasa mbili za daftari langu, nusu yake zikihusu spika iliyokuwa inakoroma. Baada ya hapo mwenye ukumbi akaukodisha kwa kanisa siku za Jumatatu, na vikao vikasimama. Mfuko wa matibabu ulipata pesa kidogo, za kulipia matibabu ya mtu mmoja kwa safari moja ya kliniki. Mzee ana wanafunzi watatu wanaomwendea Jumanne asubuhi, mmoja wao ni Kijana wa Kinanda anayejifunza gita. Anawaanzisha na upande B.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni swali la chombo, na nadhani sababu yake ni kwamba linamrudisha mtu mahali. Albamu inakufanya ujiulize watu watakuonaje. Utataja ile inayokupa heshima, kama *Exodus* ya Mzee. Gramafoni ya jirani haina heshima ya kukupa, kwa hiyo unasema kweli. Na ukweli huo ulikuwa na mafunzo ya ufundi ndani yake: wapiga gita wangapi wa rika lile waliujua upande mmoja kuliko mwingine kwa sababu ya mapenzi ya mwenye sindano? Hilo huwezi kulipata kwa kuuliza mtu anapenda nini.

Kumtembelea msimulizi kabla pia kulisaidia, ingawa kulikuwa na mipaka yake. Mwimbaji alipotembelewa hakutaja promota. Jina lilimtoka jukwaani, kwa joto la kicheko. Maandalizi hayazuii hilo, na mtu anayeandaa vikao vya aina hii ajue kwamba kadiri ukumbi unavyochangamka ndivyo msimulizi anavyojisahau.

Kosa la ridhaa lilikuwa letu, na halikuwa la kutojua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ridhaa inayotakiwa ni ya mtu anayejua hasa kitakachofanywa na maneno yake, na anayeweza kuiondoa. Karatasi mlangoni haimwambii hayo. Ridhaa ilipaswa kuombwa mara mbili: kabla ya kuzungumza, na tena baada ya msimulizi kutazama kipande chenyewe kilichokatwa. Mara ya pili ndiyo yenye maana, kwa sababu anayekata ndiye anayeamua hadithi inahusu nini. Mpwa hakuwa na nia mbaya, alikata palipochekesha. Kwa upande wa pili, kuzima kila kitu katika kikao cha tano ilikuwa hofu tu. Tungeweza kurekodi sauti na kumkabidhi Mzee wa Tumba mwenyewe, ikae kwake.

La leseni nitalipitia haraka. Kucheza muziki uliorekodiwa mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio kunahitaji kibali, na mirabaha yake ina pande tatu: watunzi, watayarishaji na wasanii walioshiriki kwenye rekodi. Mzee yumo katika upande wa tatu, kinadharia. Santuri alizopigia gita zina jina la bendi na la mtunzi. Lake halimo, na mtu ambaye jina lake haliko popote ana kazi ya kueleza kwamba ule mkono ni wake. Vikao vyetu vilikuwa mahali pazuri pa kuanza kuandika majina hayo, santuri kwa santuri. Hatukulifikiria mpaka ukumbi ulipochukuliwa na kanisa.

Mwezi uliopita nilimpigia Mwimbaji nikamsomea sehemu inayomhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niondoe jina la mji. Nimeliondoa. Halafu akauliza mbona sijaandika aliimba nini zile usiku tatu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.